Mkutano Addis Ababa: namna ya kuuona mji bila kutoroka vikao

Wengi wetu hufika Addis Ababa kwa barua ya mwaliko, si kwa matembezi. Makao makuu ya Umoja wa Afrika (AU) yako pale, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika (ECA) iko pale, na ndege za Ethiopian zinaunganisha pale, basi warsha na mikutano ya wadau haiishi. Kuna watu wameshakwenda wee, na mji wanaoujua ni uwanja wa ndege wa Bole, hoteli, na ukumbi wenye mazulia.

Bahati nzuri ni kwamba vitu vingi vya maana vya Addis vimejipanga kwenye njia moja. Inaanzia uwanja wa Meskel, inapanda kaskazini kupitia Arat Kilo na Sidist Kilo, inapita soko la Shiro Meda, na kuishia mlima Entoto. Huhitaji wiki ya likizo. Unaikata njia hiyo vipande, kila kipande unakichomeka kwenye pengo la ratiba. Mwongozo huu unaifuata kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 1: Anza na ratiba, ramani baadaye

Chukua ratiba ya mkutano na kalamu. Piga mstari chini ya vikao ambavyo ni lazima uonekane: unachowasilisha mada, kile cha taasisi iliyokulipia tiketi, na kile cha kupitisha maazimio. Hivyo havina mjadala. Vilivyobaki vitazame kwa macho makavu. Vikao vinne vinavyokwenda sambamba alasiri ya siku ya pili havikuhitaji vyote, na ukweli ni kwamba mazungumzo ya maana hufanyika kwenye chai ya saa 4.

Halafu tafuta mapengo. Huwa ni yale yale: alasiri ya siku ya kufika, mapumziko ya mchana, saa mbili za mwisho kabla jua halijazama, na siku ya kuondoka. Siku ya ufunguzi usiiwekee mpango wowote wa nje. Mgeni rasmi huja kwa saa zake, na ratiba yote husogea naye.

Jambo la kuzungumza mapema na mratibu ni tiketi. Ukitaka kufika siku moja kabla, au kuondoka na ndege ya usiku badala ya asubuhi, sema wakati tiketi inakatwa. Ikishakatwa, kubadilisha ni gharama na maneno mengi. Uliza pia nani analipa hoteli ya usiku wa ziada, na bima ya safari inaishia tarehe gani. Kwa kawaida siku ya ziada ni yako, posho yake haipo.

Tazama na kalenda ya wenyeji. Wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika, mwezi Februari, barabara hufungwa ghafla kupisha misafara na hoteli hupanda bei. Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, Timkat (ubatizo) ni 19 Januari, siku ya Adwa (ushindi dhidi ya Waitaliano) ni 2 Machi, mwaka mpya ni 11 Septemba, Meskel (sikukuu ya Msalaba) ni 27 Septemba. Siku hizo ofisi nyingi zimefungwa, lakini mtaani kuna mambo. Mvua kubwa ni kati ya Juni na Septemba, na mara nyingi hunyesha alasiri, kwa hiyo miezi hiyo matembezi yapange asubuhi.

Hatua ya 2: Begi na makaratasi

Wakenya huingia bila viza. Wengine tumieni mfumo rasmi wa serikali ya Ethiopia wa viza ya mtandaoni, na mumuulize mwandaaji kama mkutano wenu unataka viza ya mkutano au ya utalii inatosha. Angalia anwani ya tovuti kwa makini, maana madalali wametengeneza zinazofanana nayo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikae ndani ya begi kubwa. Unaweza kuulizwa hata ukirudi nyumbani.

Sweta. Mtu wa Dar, Mombasa au Zanzibar akisikia Ethiopia hufikiria jangwa. Uwanja wa Bole wenyewe uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Mchana jua linachoma, jioni baridi inaingia mifupani. Chukua pia viatu vya kutembea, maana viatu vya kuwasilishia mada havipandi mlima, na adapta ya umeme. Soketi zao zina matundu mawili ya mviringo, plagi zetu za pini tatu bapa haziingii.

Fedha: beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa. Shilingi zetu hazina soko kule. Badilisha benki au hotelini. Serikali iliiachia birr, sarafu yao, itafute bei yake sokoni Julai 2024, na tangu hapo faida ya kubadilisha uchochoroni imepungua sana wakati hatari yake imebaki pale pale. Laini ya simu utaipata uwanjani kwa pasipoti, ya Ethio telecom au ya Safaricom Ethiopia, lakini usitegemee kulipia kahawa kwa akaunti yako ya simu ya nyumbani. Ramani ya mji ipakue kabla ya kuondoka, ili ifanye kazi hata mtandao ukikatika.

Hatua ya 3: Kubalianeni saa

Hapa Mswahili yuko mbele ya washiriki wenzake wote. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza siku imeanza, na saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Majira pia ni yale yale ya Afrika Mashariki. Wenzako kutoka Accra au Geneva watakuwa wanajumlisha na kutoa sita vidoleni, wewe unaelewa moja kwa moja.

Lakini faida hiyo ina mtego. Ratiba ya mkutano na tiketi ya ndege zimeandikwa kwa saa za kizungu. Dereva aliyezoea wageni naye hukusaidia kwa kukutajia saa za kizungu, wakati wewe umemsikia kwa saa zetu. Akikwambia "three o'clock", usiitikie tu. Muulize: asubuhi au alasiri? Mwoneshe saa kwenye simu. Hasa kwa safari ya kwenda uwanja wa ndege, andika namba na umpe asome.

Mwaka nao wana wao, wenye miezi 13, ulio nyuma ya huu wetu kwa miaka 7 au 8. Ukipewa risiti ya kurejeshewa fedha yenye mwaka ambao ulishapita, si ya kughushi. Andika tarehe ya kawaida pembeni, maana mhasibu wako lazima atauliza.

Hatua ya 4: Siku ya kufika, tembea chini chini

Usiende mlimani siku ya kwanza. Hewa ni nyepesi na ngazi za hoteli zitakuhemesha bila kosa lolote la afya. Kunywa maji, kula kidogo, kisha nenda uwanja wa Meskel. Ni uwanja mpana wenye ngazi za duara kama za uwanja wa michezo, na kuanzia alfajiri vijana hukimbia juu yake kwenda na kurudi. Mkesha wa Meskel, tarehe 26 Septemba, huwashwa hapo lundo kubwa la kuni linaloitwa demera, mbele ya umati na makuhani wenye miavuli ya nakshi.

Pembeni mwa uwanja kuna Makumbusho ya Mashahidi wa Ugaidi Mwekundu, yaliyofunguliwa 2010. Ni madogo, saa moja inatosha, lakini si ya kwenda huku unacheka na wenzako. Yanahusu utawala wa kijeshi wa Derg ulioanza 1974, na hasa mauaji ya miaka ya 1977 na 1978 chini ya Mengistu Haile Mariam. Ukuta mzima ni picha za waliouawa, wengi wao vijana wa umri wa chuo. Ndani ya makabati ya vioo kuna mafuvu na nguo zilizofukuliwa makaburini. Usipange kwenda moja kwa moja kutoka hapo hadi chakula cha jioni cha ukaribisho. Kaa kwanza ngazini nje, upumue.

Hatua ya 5: Mapumziko ya mchana, kama uko ECA au AU

Ikiwa mkutano wako ni ndani ya ECA, una hazina chini ya pua. Ukumbi wa Afrika, Africa Hall, umo humo humo, na ulifunguliwa tena Oktoba 2024 baada ya ukarabati mkubwa. Ulijengwa na kuzinduliwa 1961, na ndani yake, tarehe 25 Mei 1963, wakuu wa nchi walitia saini mkataba wa kuunda OAU, uliokuja kuwa Umoja wa Afrika wa leo. Tanganyika ilikuwemo, Uganda ilikuwemo, Kenya na Zanzibar zilikuwa bado miezi michache kabla ya uhuru. Ni mkutano huo uliozaa Kamati ya Ukombozi na kuipa makao Dar es Salaam, kwa hiyo historia ya kambi za wapigania uhuru nchini Tanzania inaanzia pia kwenye viti vya ukumbi huu.

Kitu cha kutazama ni kioo cha rangi cha Afewerk Tekle, chenye ukubwa wa mita za mraba 150 na sehemu tatu: Afrika ya jana iliyofungwa, Afrika inayopambana, na Afrika ya kesho. Nenda wakati jua liko upande wake, rangi nyekundu na za samawati zimwagike sakafuni. Muulize mratibu au mlinzi utaratibu wa kuingia, na uivae beji yako. Ukiwa mgeni wa nje bila mkutano humo, kupita lango kunahitaji mpango wa kabla.

Ikiwa uko Umoja wa Afrika, upande wa mitaa ya Mexico na Sar Bet, kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu utakuwa unapita kwenye vitu hivyo kila siku bila kuvitazama. Jengo kubwa lilizinduliwa Januari 2012 na mnara wake una mita 99.9, kumbukumbu ya tarehe 9/9/1999, lilipotolewa Azimio la Sirte la kuunda Umoja huu. Kiwanja chenyewe kilikuwa gereza kuu la Addis, maarufu kwa jina la Alem Bekagn, ambako tawala kadhaa zilifungia wapinzani wao. Jengo la Amani na Usalama limepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na sanamu yake ilizinduliwa nje yake Februari 2024. Humo ndani Kiswahili ni lugha ya kazi tangu 2022. Jaribu kuomba mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao chako uone mtakavyotazamana.

Hatua ya 6: Nusu siku moja, Arat Kilo mpaka Sidist Kilo

Hiki ndicho kipande kinachofaa kulipiwa kwa kuacha kikao kimoja. Ukipata pengo moja tu safari nzima, liweke hapa.

Toka Meskel mpaka Arat Kilo ni kilomita kama 3, njia ya kupanda. Chukua teksi hadi Arat Kilo, halafu tembea. Njiani utapita Unity Park, ndani ya eneo la ikulu ya Mfalme Menelik, iliyofunguliwa kwa umma Oktoba 2019. Ina bustani, simba wenye manyoya meusi na majumba ya enzi za wafalme. Ni nzuri, ila kiingilio cha mgeni ni kikubwa na inakula nusu siku peke yake. Mimi huiacha kwa mwenye siku nzima.

Mnara wa Arat Kilo ni wa kukumbuka tarehe 5 Mei 1941, siku Haile Selassie aliyorudi mjini, miaka 5 kamili tangu Waitaliano waingie. Wasomaji wenye mababu waliopigana King's African Rifles wasimame hapo kidogo: askari kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda walikuwa kwenye kampeni hiyo ya kumng'oa Mussolini Ethiopia. Hatua chache kutoka hapo liko Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa Haile Selassie mwaka 2000, miaka 25 baada ya kufa mikononi mwa Derg. Nje ya kanisa limo kaburi la Sylvia Pankhurst, Mwingereza aliyeitetea Ethiopia alipokuwa karibu peke yake. Vua viatu mlangoni, mama na dada funikeni nywele, na kama ibada inaendelea subirini uani.

Panda kidogo kuelekea Sidist Kilo, upande wako utaona Makumbusho ya Taifa. Jengo halivutii kwa nje. Teremka moja kwa moja ghorofa ya chini kwa Lucy, ambaye wenyeji humwita Dinknesh. Mifupa yake ilipatikana Hadar, nchi ya Waafar, Novemba 1974, na umri wake ni miaka milioni 3.2. Kinachooneshwa kwa kawaida ni nakala. Mifupa halisi huhifadhiwa ghalani. Alikuwa mfupi, urefu wa kama mita moja, na ukisimama mbele ya kabati lake unamtazama kwa kuinama.

Sasa hapa Mtanzania ana la kuwaambia washiriki wenzake. Spishi ya Lucy ilipopewa jina la kisayansi mwaka 1978, kielelezo rasmi cha jina hilo hakikuwa Lucy. Kilikuwa taya lililopatikana Laetoli, karibu na Ngorongoro. Na nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6 na zaidi, huhesabiwa kuwa za spishi hiyo hiyo. Kwa hiyo Addis wana mwili, sisi tuna nyayo.

Ghorofa za juu kuna kiti cha enzi cha Haile Selassie na michoro, pita haraka haraka. Okoa nguvu kwa Makumbusho ya Utamaduni wa Makabila, ndani ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa, Sidist Kilo. Kwangu hayo ndiyo makumbusho bora ya mji. Jengo ni iliyokuwa ikulu ya Genete Leul. Desemba 1960, wakati mfalme yuko ziarani Brazil, walinzi wake walijaribu kumpindua. Jaribio liliposhindwa waliwapiga risasi mateka wao, mawaziri na wakubwa wengine, kwenye chumba kimoja humo ndani. Mfalme hakurudi kuishi pale. Jumba akalitoa liwe chuo kikuu.

Maonyesho yamepangwa kwa safari ya maisha ya binadamu: kuzaliwa, utoto, ndoa, kazi, kifo, makabila yote yakichanganywa kwenye kila hatua. Mwishoni unaingia chumba cha kulala cha mfalme, kitanda, bafu lake la marumaru, na kioo chenye tundu la risasi. Ukitoka nje, usipite ngazi zilizosimama peke yake uani bila kuziangalia. Waitaliano walizijenga ngazi moja kwa kila mwaka wa utawala wa kifashisti tangu 1922. Waethiopia hawakuzibomoa. Juu kabisa walimweka simba mdogo wa Yuda, nembo ya wafalme wao, amewakalia.

Kwenye mzunguko wa Sidist Kilo kuna mnara mweupe wa Yekatit 12, kumbukumbu ya watu waliouawa kuanzia 19 Februari 1937, baada ya vijana wawili kumrushia mabomu Graziani, mtawala wa Kiitaliano. Wauaji walifanya kazi siku tatu na waliokufa ni maelfu. Soma picha zilizochongwa kwa kuuzunguka.

Ukiwa na saa moja zaidi, kata magharibi kutoka Arat Kilo hadi Piassa, kwenye Kanisa la Mtakatifu Giyorgis na Kumbukumbu ya Ushindi wa Adwa iliyofunguliwa Februari 2024. Adwa ni vita ya 1896 ambayo Menelik na mkewe Taytu waliwashinda Waitaliano. Tahadhari moja: sehemu kubwa ya Piassa ya zamani ilibomolewa 2024 katika mradi wa kupanua barabara, na Kazanchis ikafuata. Aliyekuelekeza kwa kumbukumbu za miaka mitano nyuma atakutuma kwenye duka ambalo sasa ni bustani.

Makumbusho hufungwa kabla ya giza, na mengine husimama kwa chakula cha mchana. Kuanza saa 3 asubuhi au saa 8 mchana ndiyo salama.

Hatua ya 7: Asubuhi ya Jumamosi, Entoto na Shiro Meda

Baada ya siku mbili tatu mwili umeshazoea hewa, panda Entoto. Ni zaidi ya mita 3,000, msitu wa mikaratusi, na Menelik alikuwa na makao huko kabla ya mji kuanzishwa bondeni mwaka 1886. Kanisa la Entoto Maryam, alikotawazwa 1889, liko juu, na nyumba yake ya udongo na nyasi iko jirani. Bustani ya Entoto iliyofunguliwa 2020 ina njia za miguu na mahali pa kula. Ukiwahi alfajiri utapishana na wakimbiaji wanaojinoa, na pia na akina mama wanaoteremka wamebeba mizigo ya kuni mgongoni, wameinama karibu kugusa magoti. Usiwapige picha kama mandhari. Salimia, upishe njia.

Kushuka, simama Shiro Meda. Hapo ndipo pa kununua netela, ile shali nyeupe ya pamba yenye pindo la rangi, na magauni ya kienyeji. Shika kitambaa mkononi: kilichofumwa kwa mkono kina nyuzi zisizolingana na ni chepesi, cha mashine kimekaza na kinateleza. Bei hujadiliwa, lakini kwa upole. Uliza "sint new?", taja yako, cheka kidogo, ondoka hatua mbili.

Merkato je? Kila mshiriki huambiwa aende, kwamba ni soko kubwa kuliko yote. Ni kubwa kweli, na mtu anayelijua akikupeleka utafurahi. Peke yako, na begi la mkutano lenye nembo, na simu mkononi unatafuta njia, utakuwa windo la wezi. Kwa zawadi, Shiro Meda inatosha.

Hatua ya 8: Usafiri

Anwani za mitaa hazikusaidii sana. Watu huelekezana kwa alama: Mexico, Stadium, Megenagna, Bole Medhanialem. Muulize mtu wa mapokezi hotelini jina la alama iliyo karibu, mwambie akuandikie kwa Kiamhari kwenye karatasi. Teksi za kuitwa kwa simu zipo, Ride na Feres ndizo zinazojulikana, na bei yake huwa wazi. Zile za rangi ya samawati na nyeupe mnapatana kabla ya kufungua mlango.

Kama umekulia kwenye daladala au matatu, jaribu basi dogo la samawati walau mara moja. Konda, wao humwita weyala, anaimba mwisho wa safari dirishani: "Piassa, Piassa, Piassa!" Ukitaka kushuka unasema "woraj ale". Shika birr ndogo ndogo, na uache beji mfukoni. Treni ya mjini iliyozinduliwa 2015 ipo, ila hujaa na mabehewa ni machache. Kwa mtu mwenye kikao saa 8 si ya kutegemea.

Picha ni jambo la kuangalia. Usielekeze kamera kwenye ikulu, kambi, askari wala lango la ofisi ya serikali. Ukikatazwa, shusha simu bila ubishi. Na safari za nje ya jiji usizipange kwa mawazo ya ramani: zipo barabara ambazo usalama wake hubadilika kwa wiki, muulize mwenyeji wako wa mkutano na ofisi ya ubalozi wenu kwanza.

Hatua ya 9: Kula na kunywa, jioni zote

Kula injera, chapati yao pana yenye uchachu, kwenye sinia moja na wenzako, kwa mkono wa kulia, si kazi ya kufundishwa. Cha kujua ni siku. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga nyama na maziwa, na kabla ya Pasaka hufunga siku 55 mfululizo, hivyo migahawa hupika vyakula vya mfungo. Omba beyaynetu: injera moja iliyojaa dengu, njegere, sukumawiki, viazi na mchuzi mzito wa shiro, rangi rangi. Ni chakula cha bei nafuu na kitamu kuliko makuku ya hotelini. Kitfo ni nyama mbichi ya kusaga. Ukitaka iliyopashwa kidogo sema "leb leb", iliyoiva kabisa sema "yebesele".

Waislamu mzingatie kwamba Ethiopia watu hula nyama ya mchinjaji wa dini yao, Wakristo ya kwao na Waislamu ya kwao. Kutokuwepo nguruwe mezani hakumaanishi nyama ni halali. Ipo migahawa mingi ya Waislamu, muulize mfanyakazi wa hoteli aliye Mwislamu. Ukikwama, beyaynetu ya mfungo haina nyama kabisa.

Kahawa usinywe hotelini. Toka nje, tafuta kibanda chenye viti vifupi na nyasi zimetandazwa chini. Mama ataosha buni, ataikaanga mbele yako, atakuletea kikaango kinachofuka moshi uunuse, ataitwanga, kisha aichemshe kwenye jebena, birika jeusi la udongo lenye shingo ndefu. Bisi hupita huku mnasubiri. Hunywewa mikupuo mitatu, abol, tona na bereka, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia, na kuondoka baada ya wa kwanza ni kama kuaga kabla salamu hazijaisha. Tenga saa nzima. Mwalike na yule mjumbe uliyekuwa unamtafuta tangu asubuhi kwenye korido; hapo atakaa.

Hatua ya 10: Siku ya kuondoka

Ndege ya usiku ndiyo iliyokupa siku hii, itumie kwa kilichokosekana kwenye njia. Acha begi hotelini kwa stakabadhi. Kama bado hujanunua kahawa ya kupeleka nyumbani, pita Tomoca, iliyoanza 1953 na sasa ina matawi kadhaa, nunua iliyokaangwa, ya kusaga au nzima kulingana na kinu ulicho nacho.

Ondoka mjini mapema kuliko unavyodhani. Jioni barabara ya Bole husimama, na uwanjani mizigo hupekuliwa mara mbili, mlangoni kabisa na tena kabla ya kupanda. Tiketi iliyochapishwa au iliyo kwenye simu iwe tayari mkononi tangu lango la kwanza. Birr zilizobaki zitumie kabla hujapita uhamiaji, maana ukishafika nyumbani hakuna benki itakayozipokea.